Kigoma na Kalemie: Nusu Saa Angani, Siku Nzima Ziwani

Tuseme ndege ndogo imeondoka Kigoma saa 4.00 asubuhi, ikavuka Ziwa Tanganyika kwenda Kalemie, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Ikichukua nusu saa angani, itatua saa 3.30 asubuhi hiyo hiyo! Si uchawi, wala saa ya rubani haikuharibika. Mashariki ya Kongo saa ziko nyuma ya zetu kwa saa 1. Anayerudi hulipa deni hilo: akiondoka Kalemie saa 4.00, hufika Kigoma saa 5.30.

Viwanja hivyo viwili viko pande mbili za ziwa, na kwa mstari ulionyooka vimetengana kwa kilomita 120 hivi. Ndege iendayo kilomita 300 kwa saa huumaliza mwendo huo kwa dakika 24, mbali ya muda wa kupaa na kutua. Lakini asiyepata ndege ya kuvuka moja kwa moja, akaamua kuzunguka kwa kupitia Dar es Salaam na Lubumbashi, atasafiri angani zaidi ya kilomita 3,000, bila kuhesabu siku za kungojea.

Njia hii ya angani si ngeni. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Juni 1916, ndege za Wabelgiji zenye kuelea majini ziliruka kutoka upande wa Kalemie, zikatupa mabomu bandarini Kigoma zikiiwinda meli ya Wajerumani, Graf von Götzen. Mwezi uliofuata Wajerumani waliizamisha wenyewe. Iliibuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Siku hizi mwananchi wa kawaida hutegemea boti. Boti iendayo kilomita 15 kwa saa huhitaji saa 8, ziwa likiwa shwari. Aidha, wakati wa kiangazi upepo wa kusi huinua mawimbi makubwa, na ziwa lenye kina cha mita 1,470 halina mzaha.

Jirani yangu mmoja mjini Kigoma, mzee aliyezaliwa Kalemie, aliletewa habari jioni kwamba dada yake amefariki, na maziko ni kesho yake saa 8 mchana.

"Kwa saa ya kwetu au ya kwao?" akauliza.

Ilikuwa ya kwao. Basi alikuwa na saa 1 ya ziada. Alfajiri tulimsindikiza ufukweni. Upepo ulikuwa mkali, na mwenye boti akakataa kung'oa nanga. Wanawe wakataka kutafuta mtumbwi wa injini, uende hivyo hivyo. Mzee akawazuia.

"Wanangu, leo wamzike mmoja tu," alisema.

Akakaa juu ya jiwe, akiielekea Kongo. Ilipotimia saa 9 kwa saa ya Kigoma, alisimama, akavua kofia, nasi tukasimama pamoja naye. Alivuka siku ya tatu, ziwa lilipotulia, akalikuta kaburi.

Nanyi mlio na ndugu ng'ambo, mkipewa miadi ulizeni kwanza ni saa ya upande gani. Kisha litazameni ziwa. Likikataa, kubalini kuchelewa. Aliyechelewa bado anaweza kufika.