Lakabu na Daftari

Sisi washairi wa magazetini tulizoea kutoa anwani zetu. Beti zikiisha, chini yake lilikaa jina la mtunzi, lakabu yake, sanduku la posta na mji. Aliye Unguja alipotaka kumjibu aliye Bukoba, alijua barua aielekeze wapi. Lakini sanduku la posta halina mlango wa kupigiwa hodi.

Mwaka 2009, nikiwa hapa Kanoni, wilayani Karagwe, nilitaka mashairi yangu yawe na tovuti. Mpwa wangu akaninunulia jina la kikoa. Fomu ilidai jina kamili, mahali ninapoishi, simu na baruapepe. Nikajaza kwa uaminifu, kama mzazi anayemwandikisha mwanawe shule. Tovuti yenyewe ilibeba lakabu tu. Humo mlikuwa na shairi juu ya fedha za kahawa ambazo wakulima hawakulipwa, nalo nisingalithubutu kulitilia jina langu.

Siku moja kijana nisiyemjua aliingia uani, karatasi mkononi.

"Shikamoo, mzee. Huyu ni wewe?"

Nilikuwa mimi: jina, kijiji, namba ya simu.

Hakuna aliyevunja kufuli. Daftari la usajili wa vikoa, liitwalo WHOIS, lilianza mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati wenye mtandao walikuwa wachache, na walihitaji kutafutana mtambo ukiharibika. Ulimwengu ulipohamia humo, daftari likabaki wazi: ulipoliandikia jina la kikoa, lilikutajia mwenyewe. Kampuni kadhaa ziliuza pazia kwa ada ya mwaka. Iliyoniuzia mimi haikulitaja.

Pazia lilishushwa kwa walio wengi baada ya sheria ya Ulaya iliyoanza kutumika 25 Mei 2018. Kwetu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022, ikaanza kutumika 1 Mei 2023. Sizibezi. Ila kurasa za daftari lile zilikwisha kunakiliwa na wauzao kumbukumbu, na nakala ya zamani haiitiki wito wa sheria mpya.

Na yule kijana? Hakuja kwa shari. Baba yake alikuwa miongoni mwa wasiolipwa, naye alitaka shairi. Nikamnakilia kwa mkono, huku nikijiuliza ni nani mwingine aliye na karatasi kama ile. Akaniomba nitie jina chini. Nilishika kalamu kitambo, kisha nikaandika lakabu.