Siku Moja Mjini na Wakwe kutoka Basotu



Wakwe wa mdogo wetu walitoka Basotu, Hanang, kuja kumwona bibi harusi kwa mara ya kwanza. Walikuwa na siku moja tu Unguja: boti ya asubuhi kutoka Dar es Salaam, kurudi jioni. Tukajipangia mambo mengi: Ngome Kongwe, Mkunazini, Darajani, hadi kisiwa cha Changuu.

Mkunazini, lilipokuwa soko la watumwa hadi 1873, mama mkwe akakaa kitako. Magoti yalimuuma tangu asubuhi, kanyamaza. "Wanangu, mimi nimekuja kukuoneni nyinyi."

Tuliona haya. Changuu tukaiacha, tukarudi nyumbani. Akaswali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya na kupunguza, ruhusa ya msafiri. Tukala pilau, akatusimulia viboko wa Ziwa Basotu huku mdogo wetu akimkanda miguu. Hapo ndipo walipozoeana.

Bibi harusi, ukipokea wakwe kwa siku moja, panga sehemu mbili tu. Muda uliobaki uwe wa swala na wa kukaa pamoja. Mji upo, hauondoki na boti.