Kijana Mdogo Aliyejifunza Kuanguka

Mwaka 1860, katika mji mdogo wa Mikage ulio kando ya bahari katika nchi ya Japani, alizaliwa mtoto mwanamume aliyeitwa Kano Jigoro. Kano ni jina la ukoo, na Jigoro ni jina lake mwenyewe, maana desturi ya Wajapani ni kutanguliza jina la ukoo. Jamaa zake walikuwa watu wenye mali, waliotengeneza pombe ya mchele na kuiuza. Alipokuwa na umri wa miaka kumi hivi mama yake alifariki dunia, na baadaye akapelekwa Tokyo, mji mkuu, ili apate elimu.

Jigoro alikuwa na akili nyepesi, lakini mwili wake ulikuwa mdogo na dhaifu. Hata alipokuwa mtu mzima hakufikia kimo cha sentimeta 160. Basi alitiwa katika shule ya bweni, ambako walimu walifundisha kwa Kiingereza na Kijerumani. Huko hapakuwa na somo lililomshinda; waliomshinda ni wenzake. Wavulana wa shule ile hawakumheshimu mtu kwa kujua vitabu, ila kwa nguvu za mikono. Wakubwa walimsukuma, wakamwangusha chini, wakamdhihaki, wala hakuwa na la kufanya. Aliona haya na hasira, naye akaweka nia moyoni kwamba lazima apate nguvu.

Siku moja alisikia habari za mchezo wa mweleka wa zamani uitwao jujutsu. Rafiki mmoja wa baba yake, aliyekuwa askari zamani, alisema kwamba kwa ustadi huo mtu mdogo aweza kumwangusha mtu mkubwa. Jigoro akamsihi amfundishe. Yule mzee akakataa, akasema kwamba mambo hayo yamepita na hayana faida tena. Akamwendea mtu wa pili aliyeujua ustadi ule, akakataliwa. Na wa tatu vilevile. Baba yake naye hakuona sababu ya kijana msomi kujifunza kupigana.

Wazee hao walikuwa na sababu yao. Tangu mwaka 1868 Japani ilikuwa imegeuka. Watu walitaka elimu ya Ulaya, reli, na viwanda; na mwaka 1876 wale askari wa zamani waitwao samurai walikatazwa kuvaa panga zao hadharani. Mambo ya kale yalidharauliwa. Walimu wa jujutsu walikosa wanafunzi, na baadhi yao wakawa waganga wa kuunga mifupa ili wapate riziki, maana mtu aliyezoea kuangusha watu hujua pia viungo vinavyoteguka.

Jambo hilo Jigoro alilijua. Alipoingia chuo kikuu mwaka 1877, na sasa ana uhuru wa kutembea mjini, akaanza kuwatafuta waunga mifupa. Kila alipoona kibao cha mmoja wao aliingia na kuuliza kama mwenyewe ajua jujutsu. Wengi hawakujua. Hatimaye mmoja akamwonyesha nyumba ya mzee aitwaye Fukuda Hachinosuke. Mzee huyo alikuwa na chumba kimoja kidogo cha mazoezi, kilichoenea mikeka kumi tu, na wanafunzi wake walikuwa wachache mno. Hapo ndipo Jigoro alipopokewa.

Kijana alidhani atapewa siri mara moja. Sivyo ilivyokuwa. Siku moja mwalimu alimwinua, akambwaga. Jigoro akasimama, akauliza mkono ulishika wapi na mguu uliwekwaje. Mwalimu hakueleza, alimbwaga tena. Akauliza mara ya pili, akabwagwa mara ya tatu. Kisha mwalimu akamwambia kwamba mambo hayo hayajulikani kwa maswali, bali mtu akiyatenda mara elfu kadhaa ataelewa. Basi Jigoro akaenda kila siku, akaanguka kila siku. Mwili wake ukajaa michubuko, akajipaka dawa yenye harufu kali, hata wenzake chuoni wakamcheka kwa harufu ile. Koti lake la mazoezi likararuka, akalishona. Likararuka tena, akalishona tena. Koti hilo limehifadhiwa mpaka leo, nalo ni viraka vitupu.

Miongoni mwa wanafunzi wa mzee yule alikuwako mtu mmoja aitwaye Fukushima, mzito sana, mwenye nguvu nyingi. Jigoro hakuweza kumtikisa hata kidogo. Mwingine angalisema, “Huyu ni mkubwa, nami ni mdogo; basi imekwisha.” Lakini Jigoro alikwenda kwa mtu aliyejua sumo, ule mweleka wa watu wanene wa Japani, akajifunza hila zake. Alipozijaribu kwa Fukushima hazikufaa kitu. Hapo akaenda mahali pa kusomea vitabu, akatafuta vitabu vya Ulaya, maana alijua Kiingereza vizuri. Katika kitabu kimoja aliona namna ya kuinama chini ya kifua cha adui, kumchukua mabegani kama mtu achukuavyo gunia, kisha kumtupa. Akaijaribu na rafiki zake mpaka akaizoea. Ndipo akarudi kwa Fukushima, akainama upesi, akamwinua yule mtu mzito, akambwaga chini. Furaha yake ilikuwa kubwa. Tena alijifunza jambo kubwa kuliko ushindi, kwamba kitabu na mwili si adui, na ya kuwa elimu ya wageni na elimu ya wazee zaweza kukaa pamoja katika kichwa kimoja.

Mwezi wa Agosti mwaka 1879, Ulysses Grant, aliyekuwa Rais wa Marekani, aliizuru Japani, na Jigoro alikuwa mmoja wa vijana waliochaguliwa kumwonyesha jujutsu. Lakini furaha hiyo haikudumu, kwa kuwa katika mwezi uo huo mzee Fukuda alifariki. Jigoro akaenda kwa mwalimu mwingine, Iso Masatomo, naye akafa mwaka 1881. Akamtafuta wa tatu, Iikubo Tsunetoshi. Kifo hakikumvunja moyo; kila mwalimu alipoondoka, mwanafunzi alichukua alichoachiwa akaendelea mbele.

Mwaka 1882 Jigoro, mwenye umri wa miaka 21, alikodi vyumba katika hekalu la Wabuddha liitwalo Eishoji, mjini Tokyo, akaanzisha shule yake ndogo. Aliiita Kodokan. Chumba cha mazoezi kilikuwa na mikeka 12, na mwaka wa kwanza wanafunzi walikuwa tisa tu. Hakuwatoza ada, alifundisha shule nyingine mchana ili apate fedha, na usiku alifasiri vitabu. Lakini hekalu halikujengwa kwa watu kubwagana. Sakafu ilitetemeka, vibao vya ukumbusho wa wafu vikaanguka mahali pake, na mkuu wa hekalu akanung’unika. Mara kwa mara boriti za sakafu zilivunjika. Basi mwalimu Kano alitwaa taa, akatambaa chini ya sakafu usiku, akatengeneza palipovunjika. Wahenga husema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Naye hakuona aibu kuinama.

Katika shule hiyo hakufundisha jujutsu ile ya zamani yote kama ilivyokuwa. Aliondoa hila zenye hatari, zile za kuvunja viungo na kuua, akachagua zilizo njema kwa mazoezi ya mwili na adabu ya moyo. Mchezo huo akauita judo, yaani njia ya upole. Jambo la kwanza alilofundishwa mwanafunzi ni kuanguka. Alijifunza kuinamisha kidevu ili kichwa kisigonge chini, na kupiga mkeka kwa mkono wakati mwili ufikapo chini, ili mshindo uenee usiumize mahali pamoja. Asiyeogopa kuanguka hujifunza upesi. Aogopaye hukaza mwili kama mti mkavu, na mti mkavu huvunjika.

Maana ya upole huo Kano aliieleza kwa hesabu. Tuseme mtu ana nguvu kumi, na mwenzake ana saba. Wa kumi akimsukuma wa saba, na wa saba akishindana naye, hapana shaka atashindwa. Lakini wa saba akirudi nyuma kwa kadiri ile ile asukumwavyo, yule mwenye nguvu huyumba mbele, na kusimama kwake hakuko imara tena. Wakati ule nguvu zake zimekuwa kama tatu tu, na mwenzake angali na saba zake zote. Basi mdogo aweza kumwangusha mkubwa kwa nusu ya nguvu zake.

Ukweli huo hakuupata kwa siku moja. Mwalimu wake Iikubo alikuwa mtu wa zaidi ya miaka hamsini, na Kano alikuwa kijana. Walakini kila walipokamatana kijana ndiye aliyeanguka. Siku moja mambo yakageuka: Kano alimwangusha mwalimu wake mara nyingi, wala yeye mwenyewe hakuanguka. Iikubo akastaajabu, akamwuliza sababu. Kano akamweleza kwamba amegundua kuwa kabla ya kumtupa mtu sharti kwanza kumwondolea uthabiti wa kusimama, kwa kumvuta au kumsukuma kidogo. Akiisha kuyumba, kumtupa ni kazi nyepesi. Mzee yule hakukasirika wala hakuona wivu. Alikiri kwamba hana la kumfundisha tena. Heri mwalimu awezaye kusema hivyo, na heri mwanafunzi astahiliye kuambiwa hivyo.

Na wale waliomwonea shuleni? Kano alianza kujifunza ili asionewe tena, na katika ujana wake alikuwa mwepesi wa hasira. Lakini alisimulia baadaye kwamba kadiri mwili wake ulivyopata nguvu, ndivyo hasira yake ilivyopoa. Alipokuwa dhaifu, kila neno la dharau lilimchoma; alipojua kwamba aweza kumwangusha mtu, hakuona haja ya kumwangusha. Hivyo kisasi alichokitaka utotoni kilikufa chenyewe.

Hayo yalionekana safarini. Mwaka 1889 alitumwa Ulaya kutazama mambo ya elimu, akarudi mwaka 1891. Yasimuliwa kwamba katika meli ya kurudi nyumbani Mrusi mmoja, mtu wa miraba minne, alishindana naye mbele ya abiria. Kano akamtupa, lakini yule alipokuwa akianguka, Kano aliweka mkono chini ya kichwa chake kisigonge sitaha. Abiria walishangilia ushindi, lakini zaidi walishangaa kuona ule mkono. Kumwangusha mtu ni ustadi. Kumkinga anapoanguka ni utu.

Baadaye Kano alikuwa mkuu wa chuo cha walimu cha Tokyo kwa zaidi ya miaka 20, akawahimiza wanafunzi wake wakimbie na kuogelea pamoja na kusoma. Mwaka 1909 alichaguliwa kuwa mmoja wa wasimamizi wa Michezo ya Olimpiki, naye alikuwa mtu wa kwanza wa Asia kupata cheo hicho. Mwaka 1912 aliwaongoza wanamichezo wawili wa Japani mpaka Stockholm, mji wa Uswidi. Hao ndio Wajapani wa kwanza kushiriki katika michezo hiyo. Hakuacha kusafiri hata uzeeni. Mwaka 1938 alikwenda Cairo, Misri, kwa mkutano wa wasimamizi hao. Alipokuwa akirudi kwa njia ya Amerika, aliugua baharini, akafa tarehe 4 Mei, mwenye umri wa miaka 77, kabla ya kuiona nchi yake.

Hakuuona mchezo wake katika Olimpiki. Uliingizwa mwaka 1964, michezo ilipofanyika Tokyo. Wajapani walitumaini kushinda makundi yote. Katika kundi la watu wa uzito wowote walibaki wawili: Kaminaga, Mjapani, na Anton Geesink, Mholanzi mrefu mno, karibu mita mbili. Geesink akamkandamiza Kaminaga mkekani, naye hakuweza kujinasua. Ukumbi wote ukanyamaza, na Wajapani wengi wakalia. Rafiki za Geesink, kwa furaha, walitaka kuruka mkekani kumkumbatia. Lakini yeye aliinua mkono kuwazuia, kwa kuwa mwenzake aliyeshindwa alikuwa angali hapo na shindano halijafungwa kwa heshima. Kisha wakasimama wote wawili, wakainamiana.

Watu wengine walisema kwamba siku ile Japani ilishindwa. Lakini aliyejua habari za yule kijana mdogo wa Mikage aliona vingine. Mtoto dhaifu alikuwa ameonewa na wakubwa. Akatafuta nguvu, akapata adabu, akaifundisha dunia. Na sasa jitu la nchi ya mbali, lenye nguvu za kumwonea mtu yeyote, lilikuwa limejifunza kumheshimu aliyeanguka. Mkono ule alioinua Geesink mbele ya watu ulikuwa ndugu wa mkono ule uliokinga kichwa cha Mrusi katika meli.