Binti alinipa orodha, nikaenda nayo Korea

Sisi wa Karatu tunawajua watalii. Kila siku wanapita kwenye lami kuelekea lango la Ngorongoro, na wengine huletwa hadi kwenye maboma kuona nyumba za zamani za Wairaqw. Huku kwetu Kansay hawafiki sana, ila mwenendo wao tunaujua: simu juu, tabasamu, picha, kwaheri. Sikuwahi kuwaza kwamba siku moja mtalii nitakuwa mimi.

Novemba 2024 nilipata kozi fupi ya walimu, wiki tatu, Korea Kusini. Mume wangu alifurahi kimya kimya. Binti yetu, aliyekuwa kidato cha tatu, alipiga kelele mpaka mbwa wakabweka. Wazazi wenye mabinti mnanielewa. Ilianza na Jumong, ambayo hata sisi wakubwa tuliitazama, zikafuata sizoni nyingine zilizotafsiriwa, mwisho akawa anazitazama kwa Kikorea chenyewe. Herufi zao amejifunza kwenye simu yangu, kwa bando langu.

Akaniandikia orodha ya mahali pa kutembelea. Nyuma ya orodha hiyo kulikuwa na jambo ambalo nyumbani kwetu lilikuwa limeshaleta kununiana: anataka kwenda kusoma huko akimaliza shule, na baba yake hataki kusikia. "Mama, uangalie vizuri," aliniambia. Usiku baba yake naye akaniambia hivyo hivyo, kwa maana yake mwenyewe.

Wa kwanza kwenye orodha ulikuwa Gyeongbokgung, jumba la wafalme lililojengwa mwaka 1395 katikati ya Seoul. Kiingilio ni won 3,000, lakini ukivaa hanbok, vazi lao la asili, unaingia bure. Maduka ya kukodisha yako jirani. Nikakodi sketi pana ya rangi ya waridi, na watu wakaanza kunipiga picha mimi. Hapo ndipo nilipoelewa bibi zetu wanajisikiaje.

Jumba hilo liliungua Wajapani walipovamia mwaka 1592, likajengwa upya karne ya 19, kisha sehemu kubwa ikabomolewa Japan ilipoitawala Korea, kati ya 1910 na 1945. Tangu mwaka 1990 wanalirudisha, jengo moja baada ya jingine. Hawana haraka.

Nje ya lango kuna uwanja wenye sanamu ya Mfalme Sejong. Huyu ndiye aliyewapa herufi zao: zilikamilika mwaka 1443, zikatangazwa 1446. Kabla ya hapo waliandika kwa herufi za Kichina, ambazo mkulima hakuwa na muda wa kuzikariri. Hadi leo Oktoba 9 ni siku ya mapumziko kwa heshima ya herufi. Na katika miaka ya mwisho ya utawala wa Japan, Kikorea kiliondolewa shuleni na watu wakashinikizwa kuchukua majina ya Kijapani. Nikamfikiria binti yangu. Jina lake analiandika kwa herufi za Sejong bila kukosea, lakini bibi yake mzaa baba akimsemesha kwa Kiiraqw, ananigeukia mimi nimtafsirie.

Kisha nikaenda Bukchon, mtaa wa nyumba za zamani zenye mapaa ya vigae. Watu bado wanaishi mle. Kuna mabango yanayoomba wageni wanyamaze, na mwezi ule ule halmashauri yao ilikuwa imeanza kuzuia watalii kuingia kwenye vichochoro fulani kabla ya saa nne asubuhi na baada ya saa kumi na moja jioni. Wenyeji walikuwa wamechoka kuchunguliwa madirishani. Nilikuwa nimeshainua simu nipige picha mlango mmoja, bibi akatoka na mfuko wa taka. Nikaishusha, nikainama kumsalimu. Naye akainama.

Nyumba hizo hupashwa joto kutoka chini ya sakafu; zamani moshi wa jiko ulipitishwa huko kabla ya kutoka nje. Unavua viatu mlangoni na nyayo zinapata joto. Nilikumbuka tembe za wazee wetu, ambamo ng'ombe walilala ndani na joto lao likatosha familia nzima. Mwenye kuijua Karatu ya Julai hatanicheka.

Lakini mengine hayakuwa kwenye orodha, na hayo ndiyo niliyoyaangalia zaidi.

Novemba 14 ilikuwa siku ya Suneung, mtihani wa kuingia chuo kikuu. Nchi nzima inatulia. Soko la hisa hufungua saa moja baadaye, polisi huwawahisha kwa pikipiki watoto waliochelewa, na wakati wa kusikiliza Kiingereza ndege haziruhusiwi kuruka wala kutua kwa dakika 35. Akina mama walikuwa wamesimama kwenye mageti ya shule, wengine wanasali. Wiki hiyo hiyo watoto wetu wa kidato cha nne walikuwa kwenye mtihani wao, kwa hiyo nyuso zile nilizifahamu. Ila usiku mwingine, saa nne, niliwaona watoto wakimiminika kutoka vituo vya masomo ya ziada, mabegi mgongoni. Sheria ya jiji ndiyo inayowatoa saa hiyo, vinginevyo wangeendelea.

Na nilimwona bibi kizee akisukuma mkokoteni wa maboksi ya kuuza, kwenye mtaa wa maghorofa ya vioo. Kwenye treni wazee wana viti vyao ambavyo kijana hathubutu kuvikalia, mezani mkubwa ndiye anayeanza kula, na kitu unampa kwa mikono miwili. Hata hivyo, karibu wazee wanne kati ya kumi wa nchi ile ni maskini. Heshima ipo, ila wa kukaa naye hayupo.

Niliporudi niliwasimulia wote wawili, mezani, bila kuficha upande wowote. Binti alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kuhusu ufadhili wa serikali ya Korea ambao mwaka wa kwanza ni wa kujifunza lugha tu. Upo, nikamjibu, na ushindani wake si mdogo. Baba yake akasema kidato cha nne kwanza.

Jumamosi iliyopita nilimkuta kwa bibi yake, daftari mapajani, anaandika maneno ya Kiiraqw kwa herufi za Kikorea. Zile sauti zetu za kooni hazina herufi huko, kwa hiyo ameanza kubuni alama zake. Bibi anarudia neno mara tatu, mara nne, huku akicheka. Sikuitwa kutafsiri.

Juzi baba yake ameniuliza nauli ya kwenda Seoul ni shilingi ngapi. Hajasema anaulizia nini.