Tabibu Asiyeshika Bunduki

Mwaka 1942, katika kambi ya Fort Jackson, South Carolina, kuruta mmoja alikuwa akipiga magoti kando ya kitanda chake kila usiku, na wenzake wakimrushia viatu akiwa bado anasali. Mmoja alimwambia waziwazi kwamba wakifika vitani atampiga risasi yeye mwenyewe. Kuruta huyo aliitwa Desmond Doss, mzaliwa wa Lynchburg, Virginia, Msabato aliyekataa kugusa bunduki hata ya mazoezi. Miaka mitatu baadaye, huko Okinawa, kombania yake ilitulia chini ya genge ikimsubiri amalize sala ndipo ianze kupanda.

Alikuwa na njia ya kuikwepa vita. Kazi yake kwenye kiwanda cha meli cha Newport News ingetosha kumwachia abaki nyumbani, lakini hakuona haki vijana wengine wafe kwa niaba yake. Aliomba jambo moja tu: awe tabibu wa kikosi, aende na askari wa miguu hadi mstari wa mbele, aokoe wakati wengine wanaua. Jeshi halikujua limweke wapi mtu wa namna hiyo. Alitishiwa mahakama ya kijeshi. Wakubwa walijaribu kumwondoa kwa madai kwamba akili zake si timamu, naye akakataa, kwa kuwa kukubali kungekuwa ni kukiri kwamba imani yake ni wazimu. Siku ya Jumamosi hakufanya kazi za kawaida za kambini, ingawa kuwahudumia wagonjwa aliona ni halali hata Sabato. Wenzake walimwona mvivu anayejificha nyuma ya Biblia.

Viatu vilikoma kurushwa pale damu ilipoanza kumwagika. Divisheni yake, ya 77, ilishuka Guam mwaka 1944, kisha Leyte, Ufilipino. Katika vita vya Pasifiki matabibu wengi walivua kitambaa chenye msalaba mwekundu, maana askari wa Kijapani walikuwa wakiwalenga wao kwanza: ukimuua tabibu, umewakatisha tamaa wengi kwa risasi moja. Doss alitambaa kuwafuata majeruhi akiwa na mkoba tu. Ndani yake mlikuwa na bandeji, unga wa salfa wa kunyunyizia kidonda kisioze, na vibomba vidogo vya mofini vyenye sindano zake tayari. Kibomba kilichokwisha kilipachikwa kwenye ukosi wa shati la majeruhi, ili daktari wa nyuma ajue kwamba dozi imeshatolewa, asije akamwongezea nyingine ikamuua. Mtu akishafungwa jeraha na mikono ya namna hiyo, hamrushii kiatu tena.

Okinawa ndiko kulikomweka kwenye historia. Jabali la Maeda, ambalo Wamarekani waliliita Hacksaw Ridge, lilikuwa limetobolewa mapango na mahandaki pande zote, na sehemu yake ya juu kabisa ilipandwa kwa nyavu za kamba. Kombania ilifika kileleni ikapokewa kwa mizinga na bombomu, ikalazimika kurudi chini huku imewaacha majeruhi juu. Doss hakurudi nao. Alimburuta wa kwanza hadi ukingoni, akamshusha kwa kamba, kisha akamfuata wa pili.

Inafaa kuitazama kamba hiyo kwa karibu. Zamani za mafunzo aliwahi kufunga fundo la kitanzi akiwa ameikunja kamba mara mbili, likamtokea lenye vitanzi viwili badala ya kimoja. Juu ya genge fundo hilo lilimrudia. Mguu mmoja wa majeruhi uliingia kitanzi hiki, wa pili kile, kamba iliyobaki ikazungushwa kifuani, na ncha nyingine ikapigwa kwenye kisiki ili uzito usimshinde mtu mmoja mwembamba. Alisimulia baadaye kwamba kila alipomaliza mmoja alimwomba Mungu amsaidie ampate mmoja zaidi. Wakubwa walikadiria amewaokoa watu 100. Yeye alisema hawazidi 50. Wakakutana katikati, wakaandika 75.

Usiku wa 21 Mei 1945 ilikuwa zamu yake kulala chini. Bomu la mkono lilimjaza vipande miguuni, akajifunga mwenyewe badala ya kumtoa tabibu mwingine kwenye maficho. Alisubiri saa tano. Wabeba machela walipomchukua, njiani akamwona mtu aliyeumia zaidi, akajiviringisha chini na kuwaamuru wambebe huyo. Kisha risasi ikamvunja mkono. Mtu aliyekataa bunduki maisha yake yote alichukua kitako cha bunduki, akakifungia mkono uliovunjika kama gango, akatambaa karibu mita 270 hadi kwenye kituo cha huduma. Biblia yake ilikuwa imedondoka vitani. Wanaume wa kombania ileile iliyomdhihaki waliitafuta wakaipata, wakamtumia kwa posta.

Tarehe 12 Oktoba 1945 Rais Truman alimvisha Medali ya Heshima. Alikuwa wa kwanza kuipata kati ya waliokataa silaha kwa sababu ya dhamiri. Wawili waliomfuata, Thomas Bennett na Joseph LaPointe, nao matabibu, waliuawa Vietnam mwaka 1969.

Medali haikumrudishia afya. Kifua kikuu alichoambukizwa vitani kilimgharimu pafu moja na mbavu tano, na alitoka hospitali kwa mara ya mwisho kwa ajili ya ugonjwa huo mwaka 1951. Mwaka 1976 akawa kiziwi kabisa, jambo lililohusishwa na dawa alizopewa, akaishi miaka kumi na miwili katika ukimya hadi alipopandikizwa kifaa cha kusikia. Hadithi yake hakuiuza kirahisi. Kwa muda mrefu aliwakatalia watengeneza filamu, na akatumia uzee wake kuzungumza na vijana makanisani.

Mwaka 2004, miaka miwili kabla ya kifo chake, ilitolewa filamu ya kumbukumbu ambamo wazee waliopigana naye walizungumza mbele ya kamera. Kapteni aliyewahi kutaka aondolewe kikosini alikuwa miongoni mwao. Alisema Doss alikuwa mmoja wa watu jasiri kuliko wote walio hai, na kwamba mtu huyohuyo ndiye aliyekuja kumwokoa yeye.