Udongo Puani

Pale chuoni Musoma wanachuo wangu waliunda ndege za mabua ya mtama. Bawa la upana wa sentimeta 12 liegemezwe juu ya ncha za vidole, sentimeta 3 hadi 4 kutoka ukingo wa mbele. Hapo ndege ikae sawa. Mkia ukizidi uzito, pua huinuka, mwendo hufifia, ndege huanguka. Pua ikizidi, huchimba ardhi.

Kijana wa Butiama alitaka tungoje mbao nyepesi za kigeni. (Tungengoja hadi leo!) Mwenzake wa Bunda, aliyekulia machungani, alibandika udongo wa kichuguu puani, akawa anaubandua chembe kwa chembe, akirusha asubuhi kabla upepo wa ziwa haujaamka. Mara ya kumi na moja ikavuka uwanja wa mpira. Huyo nilimpeleka mazoezini katika shule isiyo na maabara.