Iowa: karavani inavuja, na baridi imefika

Baba mmoja mzaliwa wa Bukavu, anayeishi Cedar Rapids, jimbo la Iowa, Marekani, alinunua karavani ya zamani kwa sababu kodi ya nyumba ilimshinda. Mwezi wa kumi na moja maji yakaanza kudondoka juu ya kitanda cha watoto.

Wazo lake la kwanza lilikuwa kupaka gudron, kama kwenye manjanja ya Kadutu. Kwetu kila mtu ni fundi wa paa lake. Jirani mmoja mzee akamzuia: paa lile si bati, ni mpira, na vitu vya petroli huuvimbisha na kuuharibu.

Kulikuwa na gundi yake maalum, lakini inataka paa kavu na joto la nyuzi 10 hivi. Kwenye baridi kali inakuwa ngumu, haishiki vizuri. Kungoja mwezi wa nne nako ni hatari. Maji ndani ya ufa yanaganda, yanapanuka, ufa unakua, na mbao chini ya mpira zinaoza kimya kimya.

Basi mirija ya gundi ililala kwa jirani, ndani ya joto. Jumamosi jua likatoka. Saa saba za mchana akapanda, akasafisha pembeni ya tundu la hewa, akakausha kwa kitambaa, akaziba. Jioni, baada ya gundi kushika, akafunika turubai, pembe kali amezizungushia matambara ili upepo usisugue mpira.

Mke wake hakuamini, akaacha sufuria kitandani. Mvua ilinyesha usiku wa Jumatatu. Asubuhi sufuria ilikuwa kavu.